Ulitokea Wapi?

Ukumbi wetu ulikuwa ghala la kahawa.
Hata leo, taa zikishika moto,
mbao za dari hutoa harufu ya magunia,
na watu wa mstari wa mbele hudhani
kuna mtu anachemsha kahawa nyuma ya pazia.
Hakuna anayechemsha. Ni mimi,
Aikande wa Kibosho, juu ya ngazi ya mti,
mkono mmoja kwenye boriti, mwingine kwenye spana,
nageuza kopo la mafuta ya kupikia
ambalo Mzee Mamuya alilitoboa, akalitia balbu,
akalibatiza Jua.

Makopo ni kumi na mawili, na yote yana majina.
Jua. Jua Mgonjwa. Mbalamwezi. Zahanati.
Lile lenye kutu linaitwa Deni,
kwa kuwa likiwaka hakuna anayependeza.

Mzee mwenyewe hayaoni tena.
Mtoto wa jicho alihamia kushoto mwaka wa mafuriko,
kulia akamfuata nduguye.
Bado, saa kumi jioni ya kila onyesho,
huvua kofia, hupanda jukwaani,
hutembea taratibu, uso kauinua
kama mtu anayenusa mvua.
"Washa ya nne. Shusha. Shusha tena, unamuunguza mtu."
Kisha husimama.
"Hapa. Joto limekaa kwenye paji, kidevuni halijafika.
Hapa mtu akisema uongo, ataonekana."
Nami nashuka na utepe mweupe,
naweka alama ya kuzidisha katikati ya viatu vyake.

Kirita, mwigizaji wetu mkubwa, huikosa alama yake
kila usiku, kwa hatua mbili,
nami kila usiku naisogeza taa ya sita
polepole, kama anayevuta shuka
asimwamshe mgonjwa.
Gazeti likaandika: Kirita anajua kuitafuta nuru.
Mzee Mamuya alicheka mpaka akakohoa.
"Mwache. Kibo nao husifiwa jioni ukifunuka,
nani anauliza wingu kaliondoa nani?"

Lakini kazi yenyewe ni giza.
Sekunde kumi na moja kati ya onyesho na onyesho:
Shose na kitanda, Anaeli na mlango,
miguu peku, nguo nyeusi, pumzi zimebanwa,
nyumba inabomolewa, soko linasimama,
na hakuna kikombe kinacholia.
Mara moja kililia.
Anaeli hakula siku ile.

Jumamosi ya mwisho mama aliteremka mjini,
kitenge cha kanisani, kiti cha pembeni, pochi magotini.
Alisubiri watu wapungue.
Nikatoka, nywele zimejaa vumbi la dari.
"Sasa wewe ulitokea wapi? Nimekutafuta
hata miongoni mwa wabeba jeneza."

Nikamwambia: "Unaikumbuka alfajiri?
Ilivyoingia dirishani, mjane hajalala bado,
ikaanzia miguuni pake, ikapanda na kanga,
ilipofika usoni ndipo akanyamaza?
Pale ndipo nilipotokea, mama.
Mimi, na ndoo ya buluu ya maji ya chumvi,
na vipande viwili vya bati ninavyovikaribisha kwa kamba:
vikisogeleana kunakucha,
vikiachana kunakuchwa."

Mama akafikiri. Miaka arobaini
ameamka kabla ya jogoo kukamua ng'ombe;
alfajiri haijawahi kumdanganya.
"Ilichelewa," akasema.
"Jogoo kawika, nje bado giza."

"Ni Kirita. Alisahau neno.
Nilimngoja."

Akanyamaza. Akanitoa utando wa buibui kwenye nywele,
akauviringa kati ya vidole mpaka ukawa si kitu.
Nje, jenereta la jirani lilizimika,
tukausikia mtaa wote ukipumua.

"Na hiyo ndoo ya buluu," akasema,
"si ile yangu iliyopotea Pasaka?"